Mla Kiapo wa Somanda

Neno lenyewe lilitusumbua kabla hata hatujaanza. Kitabu cha gemu kilikuwa cha Kiingereza, na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyekuwa akitusomea na kututafsiria. Akafika kwenye aina ya mhusika ambaye ni askari, amevaa chuma mwili mzima, lakini nguvu zake hazitoki kwenye misuli. Zinatoka kwenye ahadi aliyoiweka na ambayo hawezi kuivunja bila kupungukiwa. Hapo akaanza kuhangaika. Shujaa? Shujaa anaweza kuwa yeyote. Askari wa Mungu? Muuguzi, jirani yetu anayefanya kazi hospitali, akasema askari wa Mungu wapo wengi kanisani kwao na wote wanasinzia wakati wa mahubiri. Kijana wa bodaboda, ambaye ndiye aliyetaka kumcheza mhusika huyo, akauliza, "Si umwite tu mlokole mwenye panga?"

Tulicheka mpaka mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akataka kujua tunakunywa nini. Mwishowe tukamwita mla kiapo, kwa kuwa kwa Kiswahili kiapo huliwa. Mimi nilicheka kwa mdomo tu. Neno kiapo lilikuwa limeshaingia nyumbani kwetu kwa mlango mwingine, na halikuwa la gemu.

Tulikuwa tunacheza Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye duka langu la ushonaji hapa Somanda, Bariadi mjini. Meza ni ile ninayokatia vitambaa. Shemeji anachora mapango na njia kwa chaki ya fundi, vifungo vya koti ndio watu, vifungo vya shati ndio maadui, na yeye ndiye anayesimulia: mko kwenye korongo, mnasikia kitu kinapumua, mnafanya nini? Kila mmoja anasema mtu wake anafanya nini, kisha dadu inaamua kama ameweza. Hakuna zaidi ya hapo. Watu waliokuwa wakipita nje walidhani tunacheza kamari, na mama mchungaji aliwahi kuingia kuhakikisha.

Mama yangu yeye alikuwa upande wa Lalago, ndani kabisa, katika kijiji ambacho sitakitaja. Tangu masika hakuna mtu aliyekuwa akimsalimia.

Aliyeishi mjini muda mrefu anaweza kusema, kwani salamu ni nini? Kwetu, mtu akitengwa na kijiji, hasalimiwi, hauziwi chumvi, hapewi moto wala hapewi zamu kisimani mpaka wote wamalize. Kijiji kizima hula kiapo cha kumtenga, na atakayemsalimia anatozwa ng'ombe. Mtoto wa jirani alikuwa amekufa kwa homa. Siku chache kabla, mama alimpa matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo amewapa watoto wote wa pale, mimi nikiwa wa kwanza. Baba wa mtoto alikwenda kwa nfumu, mpiga ramli, akarudi na jibu. Simchukii yule baba. Nimejaribu, nimeshindwa, kwa sababu nilimwona akizika. Lakini jibu alilorudi nalo lilikuwa mwanamke mjane, nyumba ya upande wa machweo, macho mekundu. Macho ya mama ni mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe na miti ya pamba aliyopikia maisha yake yote. Muuguzi alishampa dawa ya matone na kumweleza, na mama akamwuliza kama dawa hiyo inapika.

Sungusungu wa kijiji wakakaa, wakampa mama njia moja ya kutoka: aje mbele ya watu, anywe dawa ya kiapo. Akiwa safi, hatadhurika. Akiwa nogi, mchawi, dawa itamjua. Mama akakataa. Alisema amebatizwa na hawezi kunywa vitu hivyo, na tena, hata asingekuwa amebatizwa, mtu hapaswi kuapa mbele ya watu kwamba yeye si fisi.

Kwa hiyo alikuwa kati ya mambo mawili, nami nilikuwa naye humo. Akibaki, anakaa peke yake mpaka siku atakayokuja mtu na panga, kwa sababu kwetu kutengwa huwa ni mwanzo tu na wote tunajua mwisho wake. Akihama, amekiri. Atakuwa mchawi aliyekimbia, na sisi wote tuliotoka tumboni mwake tutakuwa watoto wa mchawi mpaka vitukuu. Nilikwenda polisi. Yule askari alinisikiliza vizuri, hata kiti alinipa, kisha akaniuliza kama kuna aliyemtishia. Nikasema hapana. Kuna aliyempiga? Hapana. Akakuna kidevu. "Mama, mimi siwezi kumkamata mtu kwa kosa la kutosalimia."

Ndiyo hali niliyokuwa nayo kichwani wakati kijana wa bodaboda anaunda mtu wake, na huenda ndiyo maana nilikuwa mkali vile.

Kila mchezaji hupewa alama za kugawa mwenyewe: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, busara, haiba. Hazitoshi kila mahali, lazima uwe mzuri hapa na hovyo pale. Kijana alimwaga karibu zote kwenye nguvu. Akachukua upanga wa kushika kwa mikono miwili, akaitupa ngao. Haiba akaiacha chini kabisa.

"Haiba ya nini?" akasema. "Mimi sigombei udiwani."

Shemeji akavua miwani, ishara kwamba darasa limeanza. Akasema mla kiapo asiye na haiba ni mtu aliyevaa mabati. Uponyaji wake unategemea haiba. Kinga yake inategemea haiba. Na haiba si uzuri wa sura, ni ile nguvu ya mtu kusimama mbele za wenzake wakanyamaza. Halafu akaeleza kitu kilichonikaa mpaka leo: mla kiapo akishakomaa, wale walio karibu naye hulindwa kwa kuwa karibu naye tu. Hofu haiwapati sawasawa, sumu inawakwepa. Lakini ni hatua chache tu. Akiwaacha nyuma akakimbilia adui, kinga inaondoka naye, na wao wanabaki kama walivyozaliwa.

"Kwa hiyo kazi yangu ni kusimama?" kijana akauliza, na uso wake ulikuwa umeshuka.

"Kazi yako ni kusimama mahali panapotakiwa," nikamwambia. "Na uchukue ngao, usituletee ushamba."

Tulibishana mchana mzima. Muuguzi alimfundisha habari ya kuwekea mikono. Mla kiapo ana akiba ya uponyaji, anamgusa majeruhi na jeraha linafunga, lakini akiba ni ndogo na hairudi mpaka apumzike. Kijana alitaka kumtibu kila mtu aliyekwaruzwa. Muuguzi akamwambia kwamba hivyo ndivyo wodi inavyoishiwa dawa kabla ya saa nne asubuhi. Weka akiba kwa ajili ya aliyeanguka na haamki. Mguse kidogo, asimame, aendelee, basi. Pigo lake takatifu nalo, lile linaloongeza nguvu ya mbinguni kwenye upanga, asilitoe kwa hasira kwenye pigo la kwanza. Angoje mpaka dadu ionyeshe kwamba upanga umeingia kweli. Haya yote ni mambo ya busara na mtu angeweza kuyafuata. Yeye aliyasikiliza, akatikisa kichwa, akabadilisha kidogo, ngao akaichukua shingo upande.

Kisha shemeji akasoma kipaji kingine. Mla kiapo anaweza kufumba macho akatambua uovu uliopo karibu, nyumba ipi, mtu yupi.

"Hicho kifute," nikasema.

"Shemeji, kimo kitabuni."

"Kifute. Huyo mtu yupo Lalago, anatoza kuku na shuka nyeusi, na tayari ametambua."

Chaki ilikuwa mkononi mwangu na nikaona nimeivunja. Hapo ndipo ilibidi niwaeleze, kwa sababu mpaka siku hiyo nilikuwa nimewaambia tu kwamba mama anaumwa macho. Shemeji alijua nusu, muuguzi alikisia. Kijana hakujua chochote. Alisikiliza huku akikizungusha mkononi kile kifungo cheusi cha koti kilichokuwa mtu wake, na nilipomaliza akauliza jambo moja tu: "Kwa hiyo mtu akimsalimia inakuwaje?"

Ilibaki nafasi ya kiapo chenyewe. Kitabu kina viapo vya aina mbalimbali na kila kimoja kina nguvu zake. Yeye alikuwa amechagua kisasi tangu mwanzo, kwa sababu kinamwezesha kumkimbiza adui mmoja mpaka amshike. Akafuta. Akaandika kwa maneno yake, kwa kalamu yangu ya kuandikia vipimo, kwamba mtu wake hatampita mnyonge njiani. Shemeji akasema sawa, hicho nitakifanyia kanuni.

Wiki iliyofuata nilikuwa na safari ya kwenda kwa mama kumpelekea chumvi, sabuni na mafuta ya taa, kwa kuwa dukani hauziwi. Kijana akasema atanipeleka mwenyewe. Nikamwambia ni mbali kwa pikipiki, hadi Maswa na kuvuka, vumbi lote hilo. Akasema vumbi analijua.

Pamba ilikuwa imepasuka. Mashamba ya watu wote yalikuwa na wachumaji, vicheko na madumu ya togwa. La mama lilikuwa jeupe kabisa na halina mtu, pamba imeanza kumwagika chini. Niliumia kuliko nilivyotegemea. Mwanamke huyu alilea watoto sita kwa shamba hilo, na sasa lilikuwa linaoza mbele ya macho ya watu aliowachumia yao miaka yote.

Tulimkuta njiani akitoka kisimani, ndoo kichwani. Wanawake wawili waliokuwa wanakuja mbele yake walishuka kwenye majani wakageuza nyuso mpaka apite. Walifanya hivyo kwa upole kabisa, kama mtu anayepisha msiba. Nilikuwa bado najipanga kushuka kwenye pikipiki wakati kijana ameshashuka. Akavua kofia ngumu. Akaenda katikati ya njia, akainama, akamwamkia mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kusikika mpaka dukani:

"Mwangaluka, mayu!"

Mama alisimama. Alikuwa ameshaacha kuitarajia salamu. Kijana akampokea ndoo, akaibeba mwenyewe, akatembea pembeni yake taratibu kupita dukani, kupita kwenye mashine ya kusaga, kupita mbele ya nyumba ya yule baba aliyefiwa. Mimi nilifuata nyuma na moyo wangu ulijaa fahari ya kijinga. Nilikuwa na furaha. Siwezi kusema vingine.

Filimbi ililia kabla hatujafika uani.

Hawakumpiga. Hilo nalisema kwa haki. Walikuja sungusungu na fimbo zao na pinde, mtemi wao mbele, mtu mzima mwenye koti la suti na kandambili. Akamweleza kijana sheria ya kijiji na faini yake, bila kugomba. Kijana akamjibu bila kutetemeka. Akasema yeye ni mtu wa Bariadi, si wa hapa, hakuwepo siku walipoapa, na kiapo ambacho hakukila hakimfungi. Alisema vizuri kweli. Angekuwa mezani kwangu shemeji angempa dadu ya ziada.

"Aliyekanyaga hapa amekila," mtemi akasema.

Wakaikokota pikipiki mpaka kwenye ua wa mtemi, wakaifunga kwa mnyororo wa jembe la ng'ombe. Kijana alibaki amesimama mbele yao. Haiba, alisema shemeji, ni kusimama mbele za watu wakanyamaza. Lakini hawa walikuwa wamenyamaza tangu masika, hiyo ndiyo kazi yao, na hakuna wa kuwazidi kwa hilo.

Pikipiki haikuwa yake, ilikuwa ya mtu aliyempa aendeshe, na ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mwanawe ambaye alikuwa hajatembea bado. Tulikaa uani kwa mama tukatafuta njia. Mimi nikasema nitanunua huyo ng'ombe. Mama akasema nikilipa faini nimekubali kwamba kumsalimia ni kosa. Kijana akasema aende polisi, hapo sasa kuna mali ya mtu imeshikwa, watakuja. Mama akampa matobolwa kwenye sahani ya bati.

"Watakuja na gari," akasema. "Watachukua pikipiki yako, watawachukua na wawili watatu wawafungie siku mbili. Halafu gari litaondoka na wewe utaondoka. Mimi nitabaki hapa na ndugu zao."

Kijana aliinamisha kichwa. Alikuwa ameshaelewa, nami nilikuwa nimeelewa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Jioni mtemi alimtuma mtu kusimama nje ya ua na kutoa habari kwa hewa, kwa kuwa hakuruhusiwa kusema nasi: mwenye nyumba hii akihama, shauri limekwisha, pikipiki itarudi bila faini.

"Usihame kwa ajili yangu, mayu," kijana akasema. Alikuwa analia na hakujificha.

"Mtoto wako anakula nini kesho?" mama akamwuliza. Akaingia ndani kufunga vitu.

Niseme hapa habari ya gemu, kwa sababu nikishafika mbele sitarudi nyuma. Kijana alirudi mezani baada ya majuma mengi. Akaomba ile karatasi ya mtu wake, akafuta. Upanga mkubwa ameutoa kabisa. Nguvu kaipunguza, akaijaza kwenye ustahimilivu, haiba akaiacha ya pili, na ile sentensi ya kutompita mnyonge akaiongezea nyingine chini yake: hataondoka kabla ya mnyonge. Shemeji akamwambia sasa ameunda mla kiapo wa maana, huyu haanguki upesi. Kijana akasema anajua. Hakufurahi, wala sisi hatukumpongeza. Tukacheza tu, na alikuwa mzuri kuliko sote.

Asubuhi ile ya kuhama pikipiki ililetwa mpaka mlangoni, imepanguswa vumbi. Nyumba mama aliifunga kwa kufuli, ingawa alijua itavunjwa. Kuku aliwaachia mlango wa banda wazi. Alikaa kitako kidogo kwenye kaburi la baba, nyuma ya nyumba, akaja. Tukapanda mshikaki, kijana mbele, mama katikati na furushi lake mapajani, mimi nyuma nikiwa nimemshika kiuno. Sikuwahi kujua kwamba amekonda hivyo.

Na watu wakatoka. Nilidhani wanakuja kutupa mawe, nikamkumbatia kwa nguvu. Hawakuja na mawe. Walisimama kwenye milango na kwenye mashamba ya pamba, mmoja mmoja, wakamsalimia. "Mwangaluka, mayu." Mwenye duka. Wale wawili wa kisimani. Mtemi na koti lake. Yule baba wa mtoto, mikono nyuma, macho chini: "Mwangaluka, mayu." Kwa kuwa alikuwa anaondoka, alikuwa amekiri, na aliyekiri shauri lake limekwisha, anasalimiwa. Nilitaka kuwatukana wote na vizazi vyao. Nilikuwa na matusi ya kutosha kwa lugha mbili. Mama akaitikia kila salamu, yote, kwa ukamilifu, akawauliza na hali za wagonjwa wao. Kijana aliendesha polepole sana ili mama amalize.

Aliyesalimia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwanamke wa rika lake, mjane, nyumba ya mwisho kabla ya mbuga. Alitoka mpaka barabarani. Alipunga mikono yote miwili, akarudia, akarudia tena, akihakikisha wote nyuma yetu wanamsikia akimuaga mchawi.

Tulipofika mbugani nikasema afadhali hata yule mmoja ana moyo, amekupenda.

"Hapana, ng'wana wane," mama akasema. "Yule anaogopa. Mtoto mwingine akifa, yeye ndiye aliyebaki."